Mshipi Ulioshuka Kisimani

Mume wangu Golicha aling'olewa jino zima kwa sababu ya moyo. Jino lenyewe halikuwa hata na doa. Nililiona kwenye pamba, nikamwambia hapo hapo, "Golicha, hili jino limekukosea nini?" Akasema taya ya kushoto inamuuma kila akipandisha ng'ombe mlimani, na taya ikiuma, shida ni jino, itakuwa nini tena? Basi jino likatupwa, na taya ikaendelea kuuma vilevile na pengo likiwa wazi. Nilipomcheka alikasirika, akanywa uji wake amenipa mgongo.

Mimi naitwa Sadia. Nina duka hapa Kulamawe: sukari, majani chai, unga, betri za tochi, dawa ya kupe. Naongea sana, hilo watu wote wanajua, na sitaanza kupunguza leo. Nataka kuzisema habari za huyu mwanaume kwa sababu watu wamezisema vibaya. Wengine wanasema nilimwaibisha mbele ya wanaume wenzake. Wengine wanasema daktari wa Isiolo alimtia ugonjwa kwa mashine, eti kabla ya mashine alikuwa mzima. Upuuzi mtupu. Wacha niseme mimi niliyekuwepo.

Kisima chetu kiko kwenye laga, ule mto mkavu ulio chini ya maboma. Kuna kisima cha pampu pia, lakini pampu ile inajua kuharibika wakati wa kiangazi tu, na hapo tunarudi kwa kile kilichochimbwa na babu zetu kwa mikono. Ni kirefu, wallahi, ukichungulia kichwa kinazunguka. Wanaume wanasimama mmoja juu ya mwingine kwenye ngazi zilizochongwa ukutani. Wa chini kabisa anachota kwa okole, ile ndoo ya ngozi, anairusha juu, mwenzake anaidaka na kuirusha tena, mpaka maji yanamwagwa kwenye hori na ng'ombe wanakunywa. Wanaanza asubuhi, wanamaliza jua likiinama, na muda wote huo wanaimba. Wimbo huo si wa kufurahisha watu. Bila wimbo ndoo zinagongana, na mtu wa chini anaweza kupasuliwa kichwa. Anayetoa wimbo anakaa chini, penye maji, na wale wa juu wanamwitikia. Mahali pa mtu kisimani hapaombwi. Panakwenda kwa ukoo na kwa umri, na hakuna mdogo anayekaa mahali pa mkubwa wake.

Golicha alichukua mahali pa chini baba yake aliposhindwa kushuka. Sauti yake, aki ya Mungu, ilikuwa inatoka ardhini kama ardhi yenyewe inaongea. Alikuwa anawaita ng'ombe kwa rangi zao na kwa mama zao, na ng'ombe walikuwa wanainua masikio kabla hawajanusa maji. Niliolewa naye kwa ajili ya sauti hiyo, nisidanganye. Uso wake ni wa kawaida tu.

Watu walimsifu kwamba hachoki. Wenzake wakitoka kisimani wanajitupa chini, ulimi nje, yeye anasimama kando, ameshika kiuno, anaangalia mifugo. Walidhani anahesabu ng'ombe. Mimi nilikuwa namwangalia kutoka mbali, najiuliza, ng'ombe gani hao wa kuhesabiwa muda mrefu hivyo? Kumbe alikuwa anasubiri kifua kimwachilie. Hapo kifuani alikuwa na alama za moto, kwa sababu mtu wa kwetu akibanwa kifua tunasema ni baridi, na baridi inatolewa kwa kuchomwa. Alichomwa na mzee mmoja wa hapa, akapona wiki moja, akabanwa tena. Nilimwambia twende hospitali. Akanijibu, "Hospitali ni ya Waqo."

Waqo ni mdogo wake, baba mmoja mama mmoja, na ni mtu wa kuugua. Nasema hivyo na ninampenda. Waqo akipiga chafya, tayari ana nimonia. Akikaa vibaya, figo zimeharibika. Anatafuna miraa tangu mchana, anateremsha kwa chai kali bila kula kitu, halafu anakuja dukani kwangu ameshika kifua: "Shemeji, moyo wangu unakimbia." Namwambia, "Unakimbia miraa, Waqo, na mimi ningekimbia." Yeye hasikii. Kiangazi kile alijitisha mpaka akapanda gari la Abass, ile Land Cruiser ya kubeba mbuzi, akaenda Isiolo kwa Daktari Felix.

Felix ni Mturkana wa Ngare Mara, kijana mpole, ana kliniki ndogo mjini. Alimlaza Waqo, akamwekea nyaya kifuani, akasoma karatasi, akasema moyo hauna neno. Mtu mwingine angeshukuru Mungu na kurudi nyumbani. Waqo alikataa. Alisema akiwa amelala hata yeye hasikii kitu, shida inakuja akiwa kazini. Na daktari akakubali kwamba hapo ana hoja. Akamwambia kuna moyo unaokaa vizuri ukilala, na ukipewa kazi unatoa siri yake. Mashine ya kumkimbiza mtu hakuwa nayo. Akamuuliza anafanya kazi gani.

"Nanywesha ng'ombe, daktari."

"Basi nataka kuuona moyo wako ukinywesha ng'ombe."

Akampa mshipi wa mpira wa kufunga kifuani, una kidude cheusi mbele, kikubwa kama kiberiti, kinachoandika kila pigo la moyo. Akamwambia auvae siku nzima, na hasa penye kazi nzito kuliko zote, halafu aurudishe.

Sasa sikieni kosa lenyewe, na mtu wa mjini hataliamini. Waqo alifika kisimani na mshipi wake. Mahali pake ni karibu na juu, na huko juu kazi ni nyepesi, ndoo ikifika imeshapoteza nusu ya maji. Akafikiria maneno ya daktari. Penye kazi nzito kuliko zote. Kazi nzito kuliko zote iko chini, na chini ni mahali pa kaka yake. Kushuka kukaa mahali pa Golicha hawezi, hata angekuwa anakufa. Basi akaona njia ni moja: mtu asiposhuka, mshipi ushuke. Na ndugu wa tumbo moja si ni damu moja? Moyo ukisomwa wa huyu, umesomwa wa yule. Hivyo ndivyo alivyofikiri, na hata leo ukimuuliza anaanza kujitetea.

Kotile, anayesimama juu kabisa na kumwaga maji kwenye hori, ndiye aliyenisimulia. Anasema Waqo aliita chini na kueleza mambo marefu ya daktari na moyo na kazi nzito, mpaka wimbo ukasimama. Golicha akajibu kutoka chini, "Shusha hiyo kamba yako unyamaze, ng'ombe wana kiu." Mshipi ukapita mkono kwa mkono mpaka chini. Golicha akajifunga, akaanza kuimba. Jioni mshipi ukapanda kwa njia ile ile, Waqo akaufuta tope, akampa Abass aupeleke mjini. Hakuna aliyeona ajabu. Mimi sikuambiwa kitu, na ningeambiwa ningepiga mtu.

Daktari alipiga simu kwa Waqo. Akamwambia akae chini pale alipo, asinyanyue kitu, asikaribie kisima, atafute gari aje.

Ebo! Mlipaswa kuwaona watu siku hiyo. Waqo, aliyekuwa anatafuta ugonjwa maisha yake yote, sasa amepewa, na hakujua aushike wapi. Alilia. Alimwomba kila mtu msamaha, hata mimi kwa sukari aliyonilambia miaka hiyo. Alimvulia Golicha viatu vyake vizuri vya ngozi, akamwambia, "Vaa wewe, mimi siendi mbali tena." Golicha hakucheka. Alikuwa amebadilika rangi. Alimkumbatia mdogo wake pale mbele ya duka na nilisikia maneno aliyomwambia: "Utarudi. Moyo wetu mama alitupa mmoja. Wangu hauna kitu, na wako hauna kitu." Akakataa viatu. Gari la Abass likaondoka na Waqo amelazwa juu ya magunia kama maiti, mkewe anampepea.

Kesho yake Golicha alishuka kisimani akiwa na mtu mmoja pungufu kwenye mstari. Alisema atarusha kwa nguvu zaidi ili ndoo ziruke ile nafasi ya ndugu yake mpaka arudi. Nilimpa chai. Aliinywa amesimama, akitabasamu kidogo kwa upande wenye pengo, akaenda.

Huko Isiolo, Felix alimfungia Waqo mshipi tena na kumpandisha ngazi za jengo, juu na chini, juu na chini, yeye mwenyewe akifuata nyuma na simu mkononi inayoonyesha mapigo. Moyo wa Waqo ulikimbia alipopanda. Alipokaa ukashuka haraka, ukatulia kama mtu aliyefika nyumbani. Daktari akamrudisha tena. Vilevile. Akaweka ile picha ya kwanza ya mapigo kando ya hii ya pili.

Akasema, "Huu si ule moyo."

Waqo akasema, "Ule mshipi nilimvisha kaka yangu."

Anasema daktari alijishika kichwa kwa mikono miwili. Akauliza kaka yuko wapi saa hii. Waqo akafungua mdomo kujibu, na hapo ndipo akaelewa, maana mkewe anasema alipiga kelele akiita jina la Golicha.

Nilikuwa napima sukari simu ilipolia. Nilisikia Waqo analia, nikajua amekufa mtu, nikauliza nani. Halafu simu ikachukuliwa.

"Mama Sahro, habari. Mimi ni Felix, daktari. Unanisikia vizuri?"

Sahro ni binti yetu. Nikasema nasikia.

"Bwana yako anaumwa mahali popote akipanda mlima? Akibeba kitu?"

"Taya," nikasema. "Ya kushoto. Alishang'oa jino."

Hapo sauti yake ikawa ya polepole, kama mtu anayemwongoza kipofu. Alinieleza na mimi nikayashika, na tangu siku hiyo nimewaeleza watu wengi kwenye duka hili. Moyo mzima, alisema, haugongi kama saa ya ukutani. Kati ya pigo na pigo kuna nafasi, na nafasi hizo hazilingani, zinacheza kidogo, mkono hauwezi kuhisi lakini mashine inaona. Ukifanya kazi moyo unapanda, ukipumzika unashuka, na ule mchezo wake unarudi. Wa Golicha, wenzake walipopokea ndoo na yeye akapumzika, ulikuwa haushuki. Na hata alipokaa kula mchana, mapigo yalikuwa yamepangwa sawasawa mno, kama yamepimwa kwa rula. Mara nyingi moyo wa namna hiyo haupati damu ya kutosha.

"Mara nyingi?" nikamuuliza. "Si kila mara?"

"Si kila mara. Ni dalili, Mama, si hukumu, lazima nimpime vizuri. Lakini ukiongeza na taya, mimi sitaki arushe hata ndoo moja tena. Mtoe. Asipande kwa haraka, asikimbie, na tafadhali, asikasirike."

Asikasirike! Golicha! Niliacha mizani na sukari juu yake, niliacha duka wazi, sikuvaa hata viatu.

Nilisikia wimbo kabla ya kuona kisima. Ng'ombe walikuwa wamepanga foleni laga nzima, vumbi, kelele, na chini yake ile sauti. Sisi wanawake hatusimami kwenye mdomo wa kisima wimbo ukiendelea, tunakaa kwenye hori. Siku hiyo nilipita hori nikasimama kwenye mdomo kabisa, na Kotile akanitolea macho. Nikamwambia maneno ya daktari kwa kifupi. Kotile ni mtu mzuri lakini alitikisa kichwa. Akasema mwenye wimbo hatoki wakati ng'ombe wako kwenye mstari, hajawahi kutoka, baba yake hakutoka hata siku ile aliyoumwa na nge, na yeye Kotile hawezi kumtoa.

Basi nikaita mwenyewe. "Golicha! Toka! Daktari anakutaka!"

Hakusimamisha wimbo. Unajua alifanya nini huyo mtu? Alinitia ndani ya wimbo. Akaimba kutoka chini kwamba mama Sahro ana haraka, ng'ombe mwekundu hana haraka, mama Sahro aende akachemshe chai, ng'ombe mwekundu bado ana kiu. Wanaume wakacheka wote, wakaitikia kwa nguvu, na ndoo zikapanda kwa kasi zaidi. Nilisikia na pumzi yake. Kila mwisho wa mstari kulikuwa na mahali alipokuwa anakata neno kabla halijaisha, na nikajua kwamba amekuwa akilikata hivyo muda mrefu, na sisi tulidhani ni mtindo.

Nilichutama pale kwenye mdomo, nikawaambia wale wanaume, kwa sauti ya chini, "Msimwitikie."

Kotile akasema, "Sadia."

"Mashine imeona moyo wake. Mkiitikia, yeye anarusha. Akirusha, anakufa. Ni nyinyi mnamuua, hamjui tu. Nawaomba kwa jina la Mwenyezi Mungu, fungeni midomo."

Wa kwanza kunyamaza alikuwa Kotile. Alishika ndoo kifuani, hakuimwaga. Aliyekuwa chini yake akamwangalia, akanyamaza na yeye. Ukimya ukashuka kisimani mtu baada ya mtu.

Golicha akaimba mstari. Hakuna aliyejibu. Akaurudia, kwa nguvu, kama amedhani hawakusikia. Hakuna. Akaita jina la Kotile. Akaita jina la aliye juu yake, mtu aliyekuwa anaweza kumgusa mguu kwa mkono, na yule mtu akafunika uso. Akawaita wote, kila mmoja na jina la baba yake. Hata ng'ombe kwenye hori waliacha kunywa. Machozi ya Kotile yalikuwa yanaanguka ndani ya ndoo na mimi nilikuwa nimeuma kitambaa changu ili nisimjibu mimi mwenyewe. Ukitoa wimbo kisimani na usiitikiwe, ni kama umeambiwa humo hakuna mtu anayekujua. Sijawahi kufanya kitu kigumu kama hicho na sitaki kurudia.

Halafu tukasikia miguu yake kwenye ngazi.

Alipanda polepole, hilo nilishukuru. Alipotoka alikuwa wa rangi ya majivu, jasho baridi limemjaa, mkono wa kushoto ameukunja tumboni. Hakumwangalia mtu. Alinipita, akasimama, akasema bila kugeuka, "Umeninyamazishia kisima." Akakaa chini kwenye mchanga, kama mtu aliyekatwa miguu. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho kwangu kwa muda mrefu sana.

Abass alikuwa anarudi kutoka mjini. Tulimsimamisha njiani, tukashusha mbuzi za watu, tukatandika godoro nyuma. Felix alitungojea mlangoni na dawa mkononi. Kutoka kwake tukapelekwa hospitali kubwa Nairobi, na huko wakaingiza mrija mwembamba kwenye mshipa wa mkono mpaka kwenye moyo. Wakakuta mishipa miwili imeziba. Waliifungua. Sehemu moja ya moyo wakasema imekufa zamani, haifufuki, na yule daktari mkubwa aliniuliza kama nakumbuka siku yoyote aliyoumwa kuliko kawaida. Nikakumbuka siku ya jino. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha yule mng'oa meno, jasho linamtoka, na mimi nilikuwa nimesimama pale mlangoni nacheka.

Tukarudi Kulamawe na mfuko wa dawa. Masharti yalikuwa mengi, lakini moja lilikuwa kubwa: kisimani asishuke tena mpaka siku ya kuzikwa. Basi nani akae chini? Kwa ukoo na umri, ni Waqo. Huyo Waqo wa figo na nimonia, aliyepimwa akakutwa na moyo wa punda. Alishuka kwa sababu hakuna mwingine, na tangu ashuke sijamsikia akitaja ugonjwa. Ila kuimba, Mungu amsamehe. Anaimba kama mbuzi aliyebanwa na mlango.

Golicha alikuwa anakwenda kila siku ya kunywesha, anakaa kwenye hori, anasukuma ndama, anarudi. Dawa anakunywa. Nikimwekea chakula anakula. Nikimuuliza kitu anatikisa kichwa au anaelekeza kwa kidole. Hakunitukana, na ningetamani anitukane. Nilizoea nyumba yenye sauti yake, hata akiwa anafunga kamba ya mbuzi alikuwa ananguruma wimbo, sasa nyumba imekuwa kama msikiti mchana wa Jumatatu. Niliongea mimi kwa wawili. Niliongea mpaka nikachoka na mimi mwenyewe. Iliniuma, nasema wazi. Nilikuwa nimeuacha moyo wake hai na nikachukua kile kilichokuwa ndani yake, hivyo ndivyo nilivyojiona, na usiku kucha nilikuwa nasikia anavyowaita wale wanaume kwa majina ya baba zao.

Mvua za kwanza zikapita bila kujaza kitu, kiangazi kikarudi, na Felix akataka kumwona. Akampa Abass ule mshipi alete, Golicha auvae siku moja, kazi zake ndogo ndogo tu, halafu twende nao. Nilimfunga mimi mwenyewe asubuhi, juu ya zile alama za moto. Nikamwambia, "Huu hautoki hapa mpaka jioni. Hata malaika akiuomba." Alinyanyua mikono nimfunge vizuri. Akaenda kwenye hori, mimi nikaenda dukani.

Tulienda Isiolo watatu, yeye, mimi na Waqo, ambaye hakualikwa. Felix aliweka picha kwenye kompyuta na kutuonyesha. Alikuwa mkweli. Alipitisha kidole: hapa asubuhi, bado mapigo yamekaa sawasawa kuliko anavyotaka. Hapa alitembea, moyo umepanda kidogo na umeshuka, lakini kwa uvivu. Dawa ziendelee. Halafu kidole kikasimama.

"Na hapa?" akasema. "Hapa mchana. Hapa panacheza. Mapigo yanapanda na kushuka na pumzi, polepole, angalia, muda mrefu. Ulikuwa unafanya nini hapa, Mzee Golicha?"

Golicha akaangalia ukuta.

Daktari akaweka kalamu chini. "Hukushuka kisimani?"

"Sikushuka."

"Sasa ulikuwa unafanya nini?"

Mimi nilijua amefanya ujinga, gani sijui. Waqo ndiye aliyeshindwa kuvumilia.

"Alikuwa anaimba, daktari," akasema. "Mimi nilikosea, nikaharibu mstari, ndoo zikagongana, Kotile karibu aanguke. Wimbo ukafa kabisa. Yeye akauchukua kutoka juu, amekaa tu kwenye hori. Aliimba mpaka ng'ombe wa mwisho."

Felix alisema pumzi ndefu za wimbo zinaufanya moyo ucheze hivyo, ni jambo zuri, aendelee, ila asifikiri amepona. Alisema na mengine, sikuyasikia. Siku ile ya mshipi upepo ulikuwa unavuma kutoka dukani kwenda laga. Mume wangu aliimba mchana mzima na mimi nilikuwa napimia watu sukari, sikusikia hata neno. Nililia hapo kwenye kiti cha kliniki, mimi Sadia, mbele ya kijana wa watu, na sikuficha uso.

Golicha alikuwa anajaribu kufunga vifungo vya shati juu ya kifua chake. Alikuwa amekosea tundu. Aligeuka, akaniangalia usoni, kwa mara ya kwanza tangu kisimani.

"Waliitikia, Sadia," akasema. "Wote."

Nikamfunga vifungo, tukatoka kutafuta gari la kurudi.